Ombi la Ulinzi kwa Wakazi wa Shimo Letu la Choo

Kwa Bwana Afya wa mtaa wetu,

Salamu nyingi kutoka nyumba yenye dirisha la kijani, nyuma ya karakana ya baiskeli. Natumaini hujambo wewe na watoto, na choo chenu kinateremsha vizuri. Mimi shule niliishia darasa la saba, na sasa hivi mtoto amenikalia mapajani anavuta kalamu, kwa hiyo ukikuta mstari umepinda ujue si dharau.

Nakuandikia kwa jambo la kufa na kupona. Mama mkwe wangu anakuja Alhamisi kukaa mwezi mzima. Naomba serikali imzuie. Si yeye mwenyewe, la hasha, ni chupa yake.

Mwaka jana alikuja siku kumi, na kila asubuhi na jioni alimwaga chooni ile dawa kali ya kung'arishia, maana anasema choo cha mke ndiyo sura yake. Alipoondoka choo kiling'aa kama sahani ya wageni. Haukupita muda, shimo likafurika, maji machafu yakapanda bafuni kutusalimu nikiwa namwogesha mtoto. Tukaita gari la kunyonya, tukaita na fundi bomba. Fundi akafunua mfuniko, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema, "Mama, humu mna vijidudu wanaokula uchafu. Ndio wafanyakazi wenu. Mmewaua kwa dawa."

Mume wangu akasema kwa sauti ya chini, na yeye akisema kwa sauti ya chini ndiyo amemaanisha, kwamba shimo likifurika tena tunahamia kwa mama yake. Bwana Afya, hii ndiyo nyumba yangu ya kwanza. Vyumba viwili na jiko, na hilo dirisha nililipaka rangi mwenyewe nikiwa na mimba ya miezi minane. Sitaki kuhama.

Tangu siku ile nawalea wale vijidudu. Mafuta ya kukaangia siwamwagii, nepi siwatupii, tishu za kumfutia mtoto natia kwenye ndoo yenye kifuniko. Nguo nafua kidogo kidogo kila siku, wasije wakazama kwa maji mengi ya siku moja. Hata mtoto wangu, tunayemwita Kishindo kwa jinsi anavyoangusha vitu, akisikia maji ya choo yanashuka anawapungia mkono. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanafanya kazi bila likizo. Mlinzi wa karakana hupumzika Jumapili, wao hapana. Hawajawahi kugoma wala kudai asante. Mtu wa hivyo unamlipa sumu?

2. Kwa kuwa wanakula kwetu, wanalala kwetu na kazi wanafanya kwetu, hao ni watu wa nyumbani. Karani wako alipopita kuandikisha watu wa kupewa vyandarua, nilimwambia tuko watatu. Roho inanisuta hadi leo. Fundi anasema wako mamilioni. Tafadhali sahihisha daftari. Vyandarua viwili vya nyongeza vitatosha, najua wengine nao wana shida.

3. Mume wangu. Ni mtu mwema, lakini juzijuzi sinki liliziba akachukua kikaango na mafuta yake yote akaenda kumwaga chooni. Nilinuna siku tatu. Akaniuliza, "Mama Kishindo, unaninunia kwa sababu ya shimo la choo?" Nikamjibu kwamba yeye hajawahi kunyonyesha, hawezi kuelewa.

4. Hii nimeisahau, mtoto amemwaga uji. Nimeacha nafasi.

5. Huyo huyo mume anataka kupiga sakafu ya saruji juu ya mfuniko apate pa kuegesha pikipiki. Fundi alisema mfuniko usifukiwe, maana kila baada ya miaka michache lazima shimo lifunguliwe, litazamwe, linyonywe tope. Nami nauliza, umeona wapi watu wakijengewa sakafu juu ya mlango wao, nao wamo ndani?

6. Sasa chupa. Mama mkwe namheshimu. Kishindo alipozaliwa ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza, mimi nilikuwa naogopa atanivunjikia. Lakini chupa yake imeandikwa kwa fahari kwamba inaua tisini na tisa katika kila mia. Bwana Afya, wale tisini na tisa watazikwa na nani? Na yule mmoja aliyebaki?

Kwa sababu hizo naomba uniandikie barua ya kuipiga chupa hiyo marufuku, yenye muhuri wa mviringo wa bluu, maana mama mkwe muhuri anauheshimu. Ukiweza njoo mwenyewe Alhamisi na koti lako, ukague begi lake mlangoni. Mimi siwezi. Mkwe akimkataza mkwe nyumba inawaka moto, lakini serikali haina mkwe.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule dada wa mapokezi aliyenipa karatasi hii. Kishindo anakusalimu. Baba yake pia, ingawa hajui kama naandika. Na wa chini nao wanakusalimu, wote kwa mamilioni yao.

Ni mimi mwenye matumaini nawe,
Mama Kishindo

Nyongeza: Barua ilikuwa bado mezani. Mama mkwe amewahi, amekuja leo Jumatano. Alipopiga simu kusema yuko kituoni, nilikitazama choo kwa macho yake, nikaona kimefifia. Sijui nini kilinipata. Nilikimbia dukani nikarudi na chupa mbili, nikamwaga zote, nikasugua mpaka nikauona uso wangu.

Ameingia na begi moja. Chupa hamna. Ametoa pakiti ya hamira, kwa kuwa mwanawe alimsimulia yote kwenye simu, na jirani yake akamwambia vijidudu wanaipenda. Akasema, "Nimewaletea zawadi wajukuu zangu wa chini." Kisha akanusa. Akanusa tena. Akanigeukia, "Mwanangu, umewafanya nini?"

Sasa hivi ameinama juu ya choo anawapa pole. Habari ya sisi kuhamia kwake ameikataa kabisa. Anasema wagonjwa hawaachwi peke yao, kwa hiyo atakaa hapa yeye, si mwezi mmoja, mpaka wapone.

Barua ya marufuku bado naihitaji, Bwana Afya. Jina uandike langu, na ile namba nne unijaze mimi. Muhuri uwe uleule wa bluu. Hata mimi nauheshimu.