Fimbo ya Masinde na Mandreli Iliyopinda

Jumatatu, 4 Agosti
Leo nimeikata fimbo ya Masinde, marehemu mume wangu. Msumeno ulikataa mwanzoni. Nikauambia mjane wa hapa ni mimi. Ukakubali.

Wazee wa ukoo wanatoka Bungoma Jumamosi, kwa kumbukumbu yake ya mwaka. Kwetu anayekabidhiwa fimbo ya marehemu ndiye kichwa cha nyumba, na kichwa cha nyumba ndiye husema mjane atalala wapi. Mke mwenzangu Nangila hachoki kupiga simu akiuliza kama fimbo iko salama. Namjua. Travis wake alimtangulia Levis wangu kuzaliwa. Travis akishika hiyo fimbo, mimi nafungashwa virago hapa mtaani Rhonda, naenda kuchunga kuku wa mamake huko Keringet.

Sasa nani atapewa fimbo isiyokuwepo? Nitaikereza iwe kalamu. Kila mtoto apate yake, wangu na wa Nangila. Wote ni wangu, hata wale wenye pua ya Nangila. Masinde alikereza kalamu kwenye mashine yake tangu alipostaafu reli, na kalamu hizo ndizo alizonifundishia herufi, uzeeni. Nilimshikia taa miaka yote. Kazi naijua.

Shida ni mandreli. Huo ndio mchuma mwembamba unaopita katikati ya kipande cha mti, kikazunguka nao. Masinde alikuwa na mmoja mzuri sana. Aliuweka mfuko wa ndani wa koti la buluu. Koti la buluu ndilo nililomzika nalo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeenda kwa Kahiga, kijana wa kuchomelea mageti hapo Kaptembwo. Ana rundo la vyuma. Nimechagua mchuma ulio mnene na unaong'aa. Kahiga akasema, mathe, hiyo imepinda. Nikamwambia hata yeye amepinda na mamake anampenda. Wenzake wakacheka mpaka akazima mashine.

Nimefika nyumbani, nimefunga kipande cha kwanza, nimewasha. Mashine ilitetemeka kama mtu wa malaria. Kalamu ikawa nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili, halafu ikapasuka ikarukia sufuria ya maharagwe.

Nimekula maharagwe hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa ndani yake kidogo.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeenda mjini kwa Mohinder, aliyefanya kazi na Masinde zamani. Sasa ana karakana yake. Akauweka mchuma wangu juu ya kioo, akausukuma kwa kidole. Ukacheza kama mlevi. Kisha akauviringisha wa kwake. Ukatulia, hata mwanga haukupita chini.

Akanieleza bila haraka. Mama Levis, mandreli nzuri si nene, ni iliyonyooka. Iwe fupi, isizidi urefu wa kipande unachokereza. Bushi zake, zile pete za pembeni, zilingane na kalamu unayotaka. Na mkia wa mashine, ule unaoshika ncha, kaza kwa vidole tu. Ukikaza sana, hata mandreli nzuri inapinda katikati.

Akanipa ile yake bure kwa ajili ya Masinde. Akageuka kufuta macho, akasingizia vumbi.

Mtu mwema. Lakini kwa vidole tu? Hajalea watoto huyo. Kitu usichokibana kinakwenda. Masinde nilimwachilia wiki moja tu, akarudi na Nangila.

Nimekaza kwa spana. Vipande viwili vimepasuka. Hii mandreli ya Mohinder lazima ni ya bei rahisi.

Alhamisi, 7 Agosti
Naliaka, kitinda mimba wangu, ameleta uji. Akaona maranda sakafuni. Akauliza ni mti gani. Nikasema ni kuni tu. Akaokota kipande chenye alama nyeusi, pale Masinde alipozoea kuegemeza fimbo kwenye jiko. Akakaa chini na kipande mkononi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliyafagia maranda yote, akayafunga kwenye leso yake, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia anyonyeshe mtoto aache kunichunga.

Alipoondoka nimejaribu tena. Spana kidogo tu. Imepasuka.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudi kwa Mohinder na mandreli yake. Akaiviringisha juu ya kioo. Ikacheza. Akaniuliza kama nilitumia spana. Nikamuuliza kama anamwita mjane mwongo. Akasema hapana. Akanipa nyingine, akaniapisha kwa jina la Masinde. Nimeapa.

Nimekaza kwa vidole. Imezunguka taratibu, bila kutetemeka. Nimeona rangi ya mti ikitoka, ile nyekundu ya ndani, nikaogopa. Nikaona itaniponyoka. Spana ilikuwa karibu.

Vilikuwa vimebaki vipande vitatu, vimepasuka viwili. Kalamu ni moja. Ina tumbo kama mjamzito.

Jumamosi, 9 Agosti
Wamekuja. Tumeomba, tumekula, mzee wa ukoo akaitisha fimbo. Nikaleta kalamu kwenye sahani. Nikasema fimbo imekuwa kalamu ili pasiwe na mkubwa wala mdogo, ingawa kwa sasa iko moja, watapokezana. Kalamu ikaviringika sahanini ikichechemea.



Mzee akasema Nangila alikuja kwake tangu Pasaka. Alimwomba fimbo ibaki kwangu, mke mkubwa, ili mtoto yeyote asije akanitoa Rhonda. Travis alikubali. Wote walikubali. Ilibaki nikabidhiwe mbele ya watu. Ndiyo maana Nangila alikuwa anapiga simu.

Nikauliza kama siwezi kukabidhiwa kalamu. Mzee akauliza nitaiegemea vipi.

Akasema mkono mtupu haukabidhiwi nyumba. Mpaka ukoo ukate fimbo nyingine na kuibariki, baada ya mavuno ya mwakani, nyumba ya Rhonda itafungwa na mimi nitakaa kwa Nangila. Travis alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, mabega yakitikisika. Nimemwona. Nilimnyonyesha huyo, mamake alipougua. Nangila akaja akakaa karibu nami. Akasema, dada mkubwa, kwa nini hukuniuliza? Nikamwambia chai yake ina maji mengi.

Jumapili, 10 Agosti
Keringet. Baridi ya kuua. Travis amenibebea mashine kwenye pikapu yake, ameifunga kwenye chumba cha kuku. Nangila amenipa kitanda chake, yeye analala kwenye kochi. Nimemfunika alipopitiwa na usingizi. Miguu yake ni baridi sana, kama ya maiti.

Nimefikiria kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Mandreli za Mohinder ni nyembamba mno. Mwezi ujao nitatafuta nene, inayostahimili spana.

Hapa kwa Nangila kuna kigoda alichokalia Masinde akija. Kina miguu minne, mti mkavu, umenyooka vizuri. Nangila hajaniambia atakirithi nani, na msumeno nimekuja nao.