Lenzi za Mwalimu Restituta na Goli la Mwezi wa Nane

Mwl. Restituta Hhando,
Endasak,
Hanang.
Jumanne, 10 Juni.

Daktari Raudha Hatibu,
Mtaalamu wa Macho,
Katesh.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA LENZI ZINAZOONA KUPITA KIASI

Mwanangu Daktari,

Najua ukiifungua barua hii utaanza na shikamoo, kwa hiyo nakujibu kabisa: marahaba. Mimi na nyumba yangu tu wazima. Maharage tumeshapiga, mahindi bado yanakauka shambani, na mlima Hanang asubuhi hii umevaa ukungu mpaka kiunoni. Nasema kiunoni kwa sababu nauona. Hapo ndipo penye shida.

Sikuandikii kama mwalimu wako wa darasa la nne, ingawa sijasahau kwamba uliwahi kuandika neno "hasubuhi" mara tatu katika insha moja. Nakuandikia kama mgonjwa wako. Nina miaka arobaini na nane. Nilikuja kwako sioni mbali wala karibu, ukanitibu, na sasa naona kote kuwili. Kwa hiyo nina malalamiko makubwa.

Unajua kwamba mbali na chaki mimi ni refa wa mpira, mwenye cheti, tangu nikiwa chuo cha ualimu. Refa na miwani havipatani. Nilijaribu mwezi wa kwanza mwaka huu. Dakika ya kumi miwani ikaruka usoni, beki akaikanyaga, na watazamaji wakashangilia kama wamefunga wao. Kijana mmoja akapiga kelele, "Afadhali, refa! Sasa turudi tulipozoea!" Ndipo nikapanda bodaboda mpaka Katesh, nikakuomba lenzi za kuvaa ndani ya jicho, zile zinazoonyesha mbali na karibu kwa pamoja. Ukasema sio rahisi kupata zinazomkaa mtu vizuri, tena lazima ziagizwe Arusha. Laiti ungesema zimekwisha.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kama nilivyokufundisha.

1. Jozi ya kwanza. Ulinifanya nitengeneze tundu kwa viganja vyangu na kukuchungulia, ili ujue jicho langu lipi ndilo linaloongoza. Ukasema ni la kulia. Miaka yote hiyo sikujua kwamba usoni kwangu kuna uongozi. Lenzi hizo zilikuwa hodari kwa mbali. Nikiwa mlangoni mwa ofisi niliona mbuzi mmoja mmoja kwenye mteremko wa mlima. Lakini daftari la mahudhurio liligeuka uji. Kwa siku tatu nilimwita mtoto mmoja kwa jina la jirani yake wa dawati, naye kwa adabu akawa anaitika.

2. Jozi ya pili ilisoma daftari vizuri sana. Nje ya daftari, dunia iliyeyuka. Katika mechi ya vijana nilimwonyesha kadi ya njano mchungaji, aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri mechi iishe atuombee. Aliipokea kwa unyenyekevu. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya kuhukumu bila haki, na kanisa zima likageuka kunitazama. Naambiwa waligeuka. Mimi sikuwaona.

3. Jozi ya tatu ndiyo inayonikaa, na ndiyo ninayoilalamikia kuliko zote. Uliliongezea jicho la kulia nguvu ya mbali, la kushoto ukaliongezea ya karibu, ukaniambia, "Vumilia, mwalimu, ubongo utajifunza kuchagua." Wiki ya kwanza kila taa ilivaa duara la mwanga, na vumbi la huku likaniliza kama mfiwa. Majirani wawili walikuja kunipa pole, mmoja na sukari. Wiki ya tatu, Jumamosi, niliamka, nikanawa mikono kwa sabuni kama ulivyoagiza, nikazivaa, nikatoka nje. Nikaona mti wa mgrivea una majani. Nilikuwa najua unayo, ila nilikuwa nayaona kwa jumla. Nikarudi ndani, nikafungua Biblia, nikasoma bila kunyoosha mkono. Nililia tena, safari hii bila vumbi. Hili ni lalamiko, Daktari. Usilisome kama shukrani.

4. Nimeona buibui kwenye kona zote za sebule. Nimeona mawe kwenye maharage, ambayo kwa miaka mitano tumeyala kwa amani.

5. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe, na hapa naomba ukae chini kama umesimama.

Mwezi wa nane mwaka jana ilichezwa fainali ya Kombe la Ujirani, Endasak na Masieda. Masieda ndiko nilikozaliwa. Endasak ndiko nilikoolewa, na mwenyekiti wa timu ya Endasak ni Lameck, mume wangu, ambaye huwa unamwita Baba Oliva. Refa aliyepangwa pikipiki yake ilimfia njiani. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakaamua nichezeshe mimi, kwa hoja kwamba nitawaogopa wote sawasawa. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, limefungwa kwenye mti, linatutazama.

Dakika za mwisho ilikuwa bado sufuri kwa sufuri. Mshambuliaji wetu, Maximilian, akaachia shuti. Mpira ukagonga mtambaa wa panya kwa chini, ukashuka, ukadunda, ukarudi mikononi mwa kipa. Endasak nzima ikaruka. Mimi niliona kitu cheupe kikishuka mahali fulani. Nikamtazama mshika kibendera, Hermani, anisaidie. Hermani alikuwa amenipa mgongo, anafukuza ng'ombe aliyeingia uwanjani.

Nikasema si goli.

Tukaenda kwenye penalti, Masieda wakashinda. Dume likapakiwa kwenye lori, likaenda, likaliwa. Tangu siku ile hapa kijijini sina jina. Naitwa Binti Masieda. Hata mama mwenye genge, Chiku, akinipimia nyanya huuliza, "Hizi ni za kula hapa au za kupeleka nyumbani kwenu?"

Huyo huyo Chiku alikuwa amerekodi kwa simu, akamtumia kila mwenye masikio. Nimeitazama video hiyo labda mara mia. Mara zote mia nilisema kwa moyo safi, "Sioni goli hapa. Naona kivuli." Nilikuwa nasema kweli, Daktari. Sikuwa naona goli. Sikuwa naona hata uwanja.

Jumamosi ile ya majani ya mgrivea niliingia stoo, nyuma ya magunia, nikaifungua tena. Sijui shetani gani alinituma. Mpira ulidunda ndani. Wala si kwa kubahatisha. Mstari wa chokaa uko mbele yake, mzima, haujaguswa, na kati ya mstari na mpira ungeweza kulaza kiganja. Niliirudia mara kumi na mbili, nikitumaini kwamba mara moja utadunda nje.

Lameck akaniita kutoka uani, "Mama Oliva, unafanya nini humo gizani?"

"Nahesabu magunia."

"Ni mangapi?"

"Kumi na moja," nikasema. Yako tisa. Unaona basi ulikonifikisha? Mwalimu wa hesabu.

6. Ungenidhuru kidogo kama mume wangu angekuwa mkorofi. Lakini Lameck alibishana nami juu ya goli lile miezi saba tu, tena kwa staha, akinionyesha kwa kijiko pale mpira ulipodunda, huku makande yakipoa. Nami nilimjibu kila siku. Siku moja nilimchorea ubaoni, nyumbani, na mishale. Halafu Pasaka, tumetoka kanisani, akanishika mkono njiani mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake, akasema, "Mama Oliva, lile goli nimelisamehe. Sitalitaja tena."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Huwezi kusamehe kitu ambacho hakikutokea."

Akanyamaza. Hajalitaja tena mpaka leo. Huo ukimya nilikuwa nausikia kama ushindi. Sasa tukikaa mezani nausikia vingine kabisa. Wiki nzima namtumikia kama mgeni. Nimemwekea maji ya kuoga bila kuombwa, nimemchinjia jogoo Jumatano. Aliuliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" Nikasema hakuna. Mtu mwenye macho mabovu asingepatwa na haya.

Kutokana na hayo, ninaomba kwa heshima zote:

Kwanza, uzirudishe lenzi hizi Arusha na kuwaeleza kwamba zina kasoro, kwa kuwa zinaona vitu vilivyokwisha kuamuliwa.

Pili, uniandikie cheti chenye mhuri kuonyesha kwamba macho yangu ya mwezi wa nane mwaka jana yalikuwa mazuri, na haya ya sasa ndiyo yenye hitilafu. Najua hukuyapima macho yale. Mimi pia sikuuona ule mpira, na nilitoa uamuzi.

Tatu, kama cheti hakiwezekani, nitengenezee jozi ya nne inayoona mbali na karibu lakini haioni nyuma. Naelewa unatumia hesabu za vioo. Ongeza hesabu.

Nne, kuanzia sasa, kabla ya kumpa mtu wa umri wetu lenzi zinazomkaa, usimwulize tu kama macho yanamwasha. Mwulize, "Mama, umebishana na nani, na kwa muda gani?" Akikutajia mume, mpe matone ya macho umrudishe nyumbani. Watu wengi wa huku wameishi kwa amani wakiwa hawaoni vizuri. Ndoa, mipaka ya mashamba, hata uongozi wa kwaya, vyote vimesimama juu ya ukungu kidogo. Wewe ukija na mwanga wako kutoka Arusha, nani atabaki na msimamo? Mwisho tutajikuta kila mtu anaomba radhi, na kazi za shamba zitalala.

Hata hivyo sikuchukii. Ulikuwa mtoto msikivu, na mkono wako unapofungua jicho la mtu hautetemeki. Msalimie baba yako, Mzee Hatibu, mwambie kile kitambaa cha zambarau alichoniahidi bado nakikumbuka. Wasalimie majirani zako wa Jorodom, waliojenga upya baada ya maporomoko ya tope la mlima na wanaoendelea kujenga. Mwambie Raheli, mmoja wao, nimeanza kumfumia mtoto wake sweta. Msalimie dada wa mapokezi, yule anayeniita bibi. Mwambie nimemsikia.

Ni mimi, mgonjwa wako na mwalimu wako, ninayeona kila kitu kwa uchungu,

Restituta Hhando

N.B. Naandika haya jioni ya siku hiyo hiyo. Niliiacha barua mezani nikaenda kwa jirani kuomba gundi ya bahasha. Niliporudi nilimkuta Lameck amesimama mlangoni penye mwanga, ameishika kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho, anaisogeza mbele na nyuma kama mtu anayepiga kinanda cha mkono. Akasema, "Mama Oliva, hii ni barua ya nani? Mwandiko ni wa sisimizi. Nisomee."

Ningeweza kumsomea mengine. Nimefundisha watoto miaka ishirini na minne kwamba kusoma ni kusoma kilichoandikwa. Nilimsomea yote, kuanzia marahaba mpaka bibi. Nilipofika penye kiganja kati ya mstari na mpira, sikuruka hata neno.

Lameck alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua kofia, akasema, "Basi na mimi nikwambie. Mimi lile goli sikuliona."

Nikamwuliza hakuliona vipi, wakati ameligombania miezi saba.

"Kutoka kwenye benchi letu sioni hata milingoti, mke wangu. Mwaka wa tatu sasa. Niliona vijana wameruka, na mimi nikaruka. Yale mengine yote alinieleza Chiku. Na ile video nikiitazama, naona kitu kama uji."

Tulicheka mpaka mbwa akaingia ndani. Kisha nikafungua simu, nikamketisha kando yangu, nikamtangazia goli lile mwanzo mpaka mwisho kama wa redioni. Akauliza, "Limeingia?" Nikasema, "Limeingia, Baba Oliva. Nisamehe." Akasema alishanisamehe Pasaka, na kwamba ni mimi niliyekataa kupokea. Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya timu na kuwaambia kwa mdomo wangu, na nitapiga simu Masieda, ingawa dume haliwezi kurudi.

Kwa hiyo, Daktari, futa namba zote, na zile lenzi usiguse. Alhamisi tunakuja wawili. Mpangie Lameck nafasi ya kupimwa. Ila nakuomba kitu kimoja kama mzazi wako. Kwa kuanzia mtengenezee za mbali tu. Magoli ayaone. Mkewe humkumbatia kwa karibu, na tumemaliza miaka ishirini na tatu ya ndoa bila yeye kulalamika juu ya sura yangu; hilo la kuniona vizuri sina haraka nalo.