Kifusi Kinatakiwa

Aprili 7, Jumatatu
Sikukuu ya Karume. Maofisa mazingira wamepumzika. Mimi sipumziki! Nimetundika kibao barabarani: KIFUSI KINATAKIWA. Kufikia mchana malori yameshamwaga zege bovu na vigae ukingoni mwa mto, nyuma ya nyumba yetu. Hapo patakuwa na bustani ya nyama choma. Mke wangu, Vaileth, kauliza maji ya masika yatapita wapi. Nikamwambia yatapita ng'ambo, kwa jirani Mfaume. Kule ni Kigamboni, sisi Temeke. Kila manispaa na maji yake. Hakucheka.

Aprili 9, Jumatano
Mfaume naye katundika kibao! Kikubwa kuliko changu. Anataka sehemu ya kuoshea magari. Madereva anawapa chai na chapati. Nimejibu kwa supu ya pweza. Sasa wanakunywa huku, wanamwaga kule. Mto umebaki upana wa kitanda. Mchicha wa Vaileth wa bondeni umefukiwa wote. Katundika jembe lake ukutani. Bora angegomba.

Aprili 11, Ijumaa
Mawingu upande wa Pugu, mto unakotokea, ni meusi. Roho haijatulia. Mjumbe wetu, Bi Tabu, katuita darajani mimi na Mfaume. Shikamoo yangu kaiitikia kwa shida. Kasema kila mtu aondoe kifusi chake kabla mvua haijashuka. Nikasema aanze Mfaume. Mfaume akasema nianze mimi.

"Mto haujui Temeke wala Kigamboni, Benson," alisema Bi Tabu. "Mkiunyima njia, utapita sebuleni."

Tukapeana mikono. Kesho tunachimbua wote. Nyumbani nikawaza. Mfaume akichimbua, maji yote yatamfuata yeye. Sasa mimi nichimbue ya nini? Nimeagiza lori jingine.

Aprili 13, Jumapili
Tuko hai. Mvua ilianza jana jioni, lori langu likiwa limeshamwaga. Maji yalifika dirishani, friji ikaelea, Vaileth kashikilia nondo za dirisha akiniita. Sijawahi kuogopa vile. Majirani walitutoa kwa kamba. Ukuta wa jiko umelala chini. Ng'ambo, choo cha Mfaume kimekwenda na maji. Kumbe naye aliagiza lori! Mtu gani huyu, anakupa mkono huku anakudanganya?

Vaileth kahamia kwa dada yake, Kurasini. Kasema harudi mpaka mto upate njia. Nimekaa juu ya tofali za jiko, nimelia kidogo. Halafu nikazitazama vizuri. Kifusi safi, wala hakihitaji lori! Kesho alfajiri nitakimwaga ukingoni, kabla Mfaume hajaamka.