Unga Mweusi wa Bruda Lamberti

Jumatatu, 11 Julai 1994
Nimetukanwa kwa tangazo! Mkuu wa shule, Bwana Valence, kalibandika mlangoni mwa maabara. Serikali inapunguza wafanyakazi. Mafundi wa maabara wawili ni wengi, atabaki mmoja. Bodi inakaa Ijumaa.

Wawili ndio mimi na Edmund. Mimi, Kajetani Haule, miaka kumi na tisa naosha vioo vya shule hii! Edmund ana miaka miwili na cheti cha Dar es Salaam. Amekitia fremu, akakitundika juu ya chupa za asidi. Kila nikinyanyua kichwa nakutana nacho.

Lakini nina siri nyuma ya kabati. Chupa aliyoniachia Bruda Lamberti kabla ya kurudi kwao Ujerumani. Unga mweusi. Ni paladi, chuma cha ghali, chembe ndogo ambazo hata darubini yetu haizioni, zimebandikwa juu ya mkaa uliosagwa. Bruda alinieleza mwenyewe: chemsha mafuta ya maji, tia unga huu, pitisha haidrojeni, mafuta yanaganda kama yale ya makopo yaliyojaa maduka ya mtaa wa Majengo siku hizi. Unga wenyewe haupungui. Unafanya kazi ya mshenga. Unaunganisha watu, unakula wali, unarudi nyumbani ulivyokuja.

Basi Ijumaa bodi itaniona na mafuta ya kuganda niliyoyatengeneza kwa mikono yangu. Kiwanda ndani ya Songea! Wathubutu kunipunguza.

Nimemweleza mke wangu, Kunegunda, anayekaanga maandazi sokoni. Akaanza kusema kwamba yeye kila asubuhi ya Julai hulazimika kuweka kidumu cha mafuta karibu na mafiga kabla ya kukaanga, kwa sababu... Nikamkata kauli. Nikamwambia maandazi ni maandazi na kemia ni kemia.

Jumanne, 12 Julai
Kunegunda kaninyima mafuta yake. Mke wa ndoa ya kanisani!

Nimekwenda kwa Pankrasi, Majengo. Huyu alikuwa karani wa ushirika, leo biashara imekuwa huria na yeye kavaa miwani ya jua mwezi wa saba. Anauza mafuta ya nje kwa mapipa. Nilimkuta ametoa pipa nje, analigeuza ubavu huu na ubavu ule ili jua lilipate lote. Nikamuuliza sababu. Akajibu kwamba mafuta yake hupenda jua wakati wa baridi. Mjinga kabisa, na bado anatajirika! Kunikopesha hataki. Nimemwachia pampu ya baiskeli, nikapata lita tatu.

Niliporudi nikamkuta Edmund anasoma lebo ya chupa yangu. Bila ruhusa! Akasema kwa upole wake ule unaonichefua kwamba lebo inaonya: unga ukishatumika, au ukioshwa kwa spiriti, usiachwe ukauke, hushika moto wenyewe. Mkaa ushike moto wenyewe! Basi wanawake wa Songea wananunua viberiti vya nini? Nimemwambia kama anataka kitu cha kumwagilia, bustani ya shule iko nyuma.

Jumatano, 13 Julai
Zinki nimekata kutoka betri za redio. Asidi ya shule. Mpira, chupa, jiko la mchina. Haidrojeni ikaanza kutoka mapovu kwenye mafuta, nikakoroga tangu saa nne. Saa sita mpira ukachomoka. Paa! Nyusi ya kushoto imekwenda yote.

Edmund akaja mbio na kitambaa chenye maji. Sikumwita. Kidato cha tatu walikuwa wamejaa madirishani wanacheka, nikawatimua, wakaendelea kucheka wakiwa mbali.

Nikakoroga mpaka saa kumi na moja. Mafuta yako vilevile, maji matupu, tena yamekuwa meusi. Nimeyachuja. Unga nimeuosha kwa spiriti, nimeufunga ndani ya karatasi yake ya kuchujia. Kopo la mafuta nimeliacha mezani. Nimekwenda nyumbani na hasira, nimelala bila kula. Bruda kanidanganya. Mzungu na kanzu yake!

Alhamisi, 14 Julai
YAMEGANDA!

Asubuhi hii, baridi ya kung'ata masikio, nafungua maabara, kopo zima ni jeupe! Gumu! Kijiko kimesimama wima. Kumbe paladi inafanya kazi polepole, inataka isimamiwe na mtu mwenye subira. Bruda, nisamehe.

Nimemwonyesha Edmund. Akatazama kopo, akatazama dirisha lililojaa ukungu, akaniuliza mafuta nilinunua kwa nani. Wivu huo! Nikamwambia siri za kiwanda hazitolewi ovyo. Akasema basi niyapashe kidogo nione, kabla ya kuwaita watu. Anataka niharibu ushahidi! Nimelifungia kopo kabatini.

Ijumaa, 15 Julai
 

Bodi ilikuja maabara saa tisa. Manyunyu na baridi. Nikamwamkia mwenyekiti, Mzee Fidelisi, shikamoo ya heshima zote. Akaitikia huku meno yanagongana, akaagiza jiko la mkaa liletwe karibu na miguu yake. Likaletwa. Likawekwa chini ya meza yangu!

Nikaanza. Kopo mbele yao. Unga uliotumika nikautoa ndani ya karatasi yake, nikautandaza wauone wote. Meza ilikuwa imejaa, nikautandaza juu ya faili la bodi. Nikaeleza habari ya mshenga. Wakapenda! Mzee Fidelisi akacheka, akasema mshenga wake mwenyewe alikula mbuzi mzima. Nilikuwa nimeshinda. Nasema nilikuwa nimeshinda!

Ndipo mama mmoja wa bodi akauliza kwa nini kopo linatoa machozi. Nikatazama. Pembeni maji. Katikati maji. Kijiko kikalala. Nikasema ni hatua ya pili ya kemia. Mama akasema kwake pia mafuta ya Pankrasi huganda usiku na kuyeyuka jikoni, na hajawahi kuyaita kiwanda.

Kabla sijamjibu, faili likaanza kufuka. Unga ulikuwa mwekundu kama kaa! Moto! Nikapuliza ili uzimike. Ukakubali zaidi. Mzee Fidelisi alipanda juu ya kiti, na umri ule. Edmund ndiye aliyekuja na ndoo ya mchanga. Alikuwa nayo tayari mlangoni tangu mwanzo. Tangu mwanzo, nyoka yule!

Jumamosi, 16 Julai
Bwana Valence kaja nyumbani, kakaa kwenye kigoda, kakataa chai. Nikajua.

Nimepunguzwa.

Nikamwambia ni Edmund aliyewajaza maneno. Akatikisa kichwa. Akasema ndani ya faili lile mlikuwa na karatasi moja tu, imeshapigwa chapa tangu wiki iliyopita, jina moja, wamekuja kulisoma tu na kuondoka. Utaratibu ni kwamba aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza. Jina lilikuwa la Edmund.

Kwa kuwa karatasi imeungua, ilibidi waandike nyingine. Mwenyekiti, akiwa bado anakung'uta mchanga kwenye suruali, akaagiza waandike langu.

Ningelala nyumbani wiki nzima, ningekuwa na kazi. Nimepiga teke ndoo. Nimeumia kidole gumba. Edmund amepata kazi yangu kwa kukaa kimya! Huo si utu.

 Kunegunda alikaa uani, akamenya viazi vingi kuliko tunavyoweza kula.

Jumatatu, 18 Julai
Wajinga! Wote! Nina uthibitisho!

Jana nilileta chupa ya Bruda nyumbani, nikaiweka kwenye rafu ya jikoni, kizibo kimefungwa. Asubuhi hii kidumu cha Kunegunda, kilichokuwa kando yake, kimeganda chote! Bila haidrojeni. Bila kuguswa. Paladi inapita hata kwenye kioo! Hata Bruda mwenyewe hakujua hilo.

Nimekwenda mbio kwa Pankrasi, nimebadilisha baiskeli kwa pipa zima. Kunegunda alipoona pipa linaviringishwa getini alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia kweli, maana baiskeli ndiyo iliyokuwa inapeleka maandazi sokoni. Atashukuru baadaye.

Kesho kutwa napanda lori la Mbamba Bay. Kule ziwani ni joto mwaka mzima, watu hawajawahi kuona mafuta ya kuganda. Watanigombania.

Unga hautoshi pipa zima, lakini lebo yenyewe inasema sehemu tisa kati ya kumi ni mkaa tu. Nimetwanga mkaa wa Madaba kwenye kinu cha Kunegunda, nimechanganya na unga wote uliobaki, nimeosha kwa spiriti. Sasa nimeuanika juu ya nyasi za paa la jiko. Jua limetoka vizuri leo. Utakauka mapema.