Naomba Kunyang'anywa Kombe la Matangi Madogo

Oege Hiemstra,
Drachten,
Novemba.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Matangi ya Samaki na Mimea "Maji Tulivu",
Drachten.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA USHINDI WANGU

Natumaini u mzima, mama Doutzen hajambo mguu wake, na lile tangi lako kubwa la sebuleni limepona mwani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi nimeshinda.

Nimekuwa mwanachama tangu chama kilipokuwa kikikutana chumba cha nyuma cha duka la baiskeli, na sijawahi kulalamika. Hata mwaka ule jaji mmoja alipomkalia paka wangu sikuandika. Lakini mwezi uliopita majaji wenu walikuja nyumbani kwangu, wakakaa mbele ya tangi langu dogo, wakaandika waliyoandika, na wiki iliyofuata nikaletewa kombe la nafasi ya kwanza. Nimejaribu kulivumilia. Nimeshindwa. Naomba nivuliwe ushindi huo haraka iwezekanavyo.

Nikukumbushe hali ilivyokuwa. Kwa miaka kumi na minne mfululizo mimi nimekuwa wa pili, na wa kwanza amekuwa jirani yangu Wiebren Kooistra. Nyumba zetu zimeungana. Ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa sebule yake, na matangi yetu yamepeana mgongo, langu huku na lake kule, hata chujio lake likikohoa nilikuwa nalisikia mimi kabla yake. Kila mkutano mkuu ulikuwa ukisimama na kusema, "Na wa pili, kama kawaida..." halafu humalizii jina, ukumbi mzima unacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka kuliko wote. Mwezi wa Februari Wiebren alifariki. Ulikuwepo mazikoni na keki ulikula, kwa hiyo huwezi kusema hukuwa na habari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Majaji walikuwa wazembe. Sisi wa huku tunapanga tangi kama bustani, kila aina ya mmea na kichaka chake, mifupi mbele, mirefu nyuma, na safu moja inayopanda kutoka mbele hadi nyuma kama mtaa mdogo. Mtaa wangu mwaka huu ulipinda kama mlevi anayerudi nyumbani. Mimea miwili myekundu ilisimama bega kwa bega, jambo ambalo hata mwanachama wa mwezi wa kwanza anakatazwa. Kona ya kushoto jani moja lilikuwa na mwani mweusi, upana wa kidole gumba. Niliuona asubuhi nikauacha makusudi, nikajiambia Bwana Lubbert Venema, jaji wa miaka mingi, hawezi kuukosa. Aliukosa. Konokono alipanda kiooni mbele ya pua yake, akapita taratibu kama mwenye nyumba, na Bwana Venema akaandika "safi". Wiebren asingehitaji hata kuvua koti. Angesema palepale mlangoni, "Oege, hiyo mimea imechoka au umechoka wewe?" Na angepatia yote mawili.

2. Majaji waliuruka mlango wa jirani. Kwangu walikunywa kahawa na biskuti, moja kwa kila mmoja kama ilivyo desturi, kisha nikafunga mkebe. Walipotoka sikufunga mlango, nilitaka niwasikie wakibisha kwa jirani. Ndani kwake, Bi Tjitske, mjane wa Wiebren, alikuwa ameoka mkate wa sukari na kupanga mezani vikombe vitatu, kama alivyofanya kila Oktoba. Hawakubisha. Dirisha lake halina pazia, kama yetu sote, na taa ya tangi ilikuwa inawaka. Bwana Venema alisimama pale dirishani kwenye mvua, mkoba kwapani, akaangalia ndani muda mrefu kuliko alivyoliangalia langu. Mwenzake akamvuta mkono, "Twende, Lubbert. Huyo hayumo kwenye orodha." Wakaenda zao. Ule mkate tuliumaliza sisi wawili, na ulitusumbua kuumaliza.

3. Kanuni imefasiriwa vibaya. Najua mtanisomea kifungu cha saba, kwamba tangi lazima liwe la mwanachama aliye hai kwenye daftari la chama. Nimekisoma upya nikiwa nimevaa miwani. Hakuna neno "hai". Kimeandikwa kwamba uanachama unakoma kwa mambo mawili tu: kutolipa ada, au kujiuzulu kwa maandishi. Ada Wiebren aliilipa Januari, kwa mwaka mzima. Na kujiuzulu kwa maandishi hajajiuzulu, wala kwa jinsi ninavyomfahamu hana mpango huo.

Aidha, tangi lenyewe halijaarifiwa. Wale samaki wake wadogo wenye mstari wa buluu bado wanakusanyika kona ya kulia kila jioni, pale alipokuwa akisimama na chakula chao. Wale kambale wa chini bado wanachimbua mchanga palepale alipokuwa anawakataza. Mimi sijaona sababu ya kuwaambia. Kama chama kinaona ni lazima waambiwe, basi kimtume Bwana Venema, aje aseme nao uso kwa uso.

4. Mtauliza, kama Wiebren hayupo, nani analitunza? Nalitunza mimi. Tangu siku ya mazishi naingia kwa Tjitske Jumatano na Jumamosi, nabadilisha maji, nasafisha chujio, napogoa. Yeye anasema anaogopa kutia mkono, asije akawaua kama alivyoua maua yote ya dirishani. Hivyo anakaa na kahawa yake, ananitazama tu.

Mtasema basi Hiemstra angeshindana na Hiemstra. Hoja hiyo nimeitafakari na haina mguu wa kusimamia. Kwangu nakata shina bapa, kama kitabu kinavyosema. Kwake nakata mshazari, kama alivyokuwa akikata yeye, ingawa nimemwambia maisha yake yote kwamba ni vibaya. Kule kwake mimi si Hiemstra, ni mkono wa kuazima. Na siku majaji walipoondoka nilichukua kanuni zenu za upimaji nikayapima matangi yote mawili, la kwangu kwa huruma na la kwake kwa ukali. Akanishinda kwa alama nne. Kwa hiyo mwaka wa kumi na tano nao nimekuwa wa pili. Nasikitika kwamba mimi peke yangu ndiye ninayelijua hilo.

5. Kuna suala la pongezi. Unajua watu wetu, mtu akipata jambo la heri anapongezwa yeye, mama yake, shemeji yake na wa nyumba ya pili. Nilipotangazwa, mji mzima ukaenda kumpongeza Tjitske. Yule mama wa duka la mikate alipaza sauti mbele ya foleni, "Bi Kooistra! Hongera kwa jirani yako! Hatimaye!" Tjitske akasema asante. Akaja moja kwa moja kwangu, koti mwilini, mkate mkononi, akasimama jikoni. "Oege," akasema, "nimepongezwa leo mpaka nimechoka. Watu wanafurahi kana kwamba Wiebren alikuwa amekuzibia njia." Mimi nilikuwa nimeridhika nyuma yake, Ndugu Mwenyekiti. Mtu akiwa wa pili nyuma ya rafiki yake, anajua kila asubuhi kwa nini anaamka.

6. Kombe halina pa kukaa. Nimelijaribu kwenye rafu, kwenye kabati, juu ya friji. Kila mahali linanitazama. Kule kwa Tjitske, juu ya kabati lake, kuna duara safi mahali lilipokuwa likikaa miaka yote, na anapofuta vumbi analizunguka hilo duara kana kwamba kombe bado lipo. Sasa hivi huku kwangu nimeligeuza, limeelekea ukutani. Angalau huo ni ukuta wake.

Kwa sababu hizo, kwa heshima zote, naomba:

(a) Nivuliwe nafasi ya kwanza na nirudishwe ya pili, na jambo hilo litangazwe kwenye mkutano mkuu kwa maneno yaleyale, "kama kawaida", na watu waruhusiwe kucheka.

(b) Kombe lipelekwe kwenye tangi la W. Kooistra, mlango wa jirani, na Bwana Venema alipeleke mwenyewe kwa miguu, akae, anywe kahawa.

(c) Kifungu cha saba kirekebishwe ili marehemu waruhusiwe kushindana. Kama wanachama walio hai wataona wanaonewa, basi marehemu wawekewe kundi lao. Natambua kwamba baada ya muda kundi hilo litakuwa kubwa kuliko letu, na huenda wakataka kiti kwenye kamati. Sioni ubaya. Kwa mikutano niliyohudhuria, kamati haitaona tofauti.

Endapo maombi haya hayatasikilizwa hadi Krismasi, nitalazimika kuchukua hatua. Tayari nimenunua ngome ya plastiki ya rangi ya waridi, yenye mlango unaofunguka na mzamiaji anayetoa mapovu. Iko hapa mezani ninapoandika. Nitaitia katikati ya tangi lililoshinda, nitang'oa mtaa wote wa mimea, nitaweka changarawe za buluu na samaki mmoja mnene wa dhahabu, halafu nitaacha taa ikiwaka na dirisha bila pazia, na kibao chini yake: "Mshindi wa Kwanza, Maji Tulivu." Sipendi kutumia vitisho. Lakini ngome haikuwa ghali, na risiti sikuichukua.

Nimalizie kwa kusema jambo ambalo si la kikanuni. Chujio lake bado nalisikia ukutani. Kila likikohoa nainuka nimwambie, halafu naketi tena. Nimemkosa sana yule bwana, na hamkunisaidia hata kidogo kwa kunipa kiti chake kabla hakijapoa.

Nisalimie mama Doutzen, katibu na mwanawe anayesomea meno, wajumbe wote wa kamati, yule mama wa duka la mikate ukimwona, na Bwana Venema pia, pamoja na mkoba wake. Wasalimie na samaki wako, ila yule mkubwa mwenye madoa anayekula wenzake usimsalimie.

Ni mimi, wako katika maji safi,

Oege Hiemstra
Wa Pili

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimpelekea Tjitske barua hii aisome, maana inamhusu. Aliisoma amesimama mbele ya tangi. Alipofika mwisho hakulia, ingawa nilihofia angelia. Alirudi kwenye nambari moja, akaniomba nimweleze tena polepole ile habari ya mimea miwili myekundu. Nikamweleza. Akauliza na mwani uko kona gani. Nikamwambia.

Ndipo akaniarifu kwamba yeye ni mwanachama wa Maji Tulivu tangu mwezi wa Machi. Katibu anajua, na aliombwa afunge mdomo. Mwaka huu hakujiandikisha kushindana kwa kuwa alijiona bado mbichi. Vikombe aliviweka kwa sababu Lubbert amekunywa kahawa pale miaka yote, na kilichomuudhi ni hiyo kahawa kupoa bure tu, tangi hakuwa na neno nalo. Tena, tangu Agosti, kila Jumapili nikiwa nimelala mchana, amekuwa akiingiza mkono na kurekebisha nilichopogoa Jumamosi. "Unakata ovyo, Oege," akasema. "Wiebren alikuwa anakusema hivyohivyo." Kwa hiyo zile alama nne ni za Tjitske.

Nilimuuliza kuhusu kombe, kama nimletee. Akaangalia lile duara kabatini. "Liache hukohuko kwako," akasema. "Lifute vumbi tu. Oktoba nakuja kulichukua mwenyewe."

Kutokana na hayo, tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Kifungu cha saba ni kizuri na kisiguswe, marehemu wapumzike. Kombe ni langu kihalali na sasa limegeuzwa, linaangalia chumba. Mwani nimeukwangua na mmea mmoja mwekundu nimeuhamisha. Ngome nimempa paka. Ninaomba unitumie kanuni mpya za upimaji kwa posta ya kwanza, na umwagize Bwana Venema abadilishe miwani kabla hajaingia nyumba ya jirani, maana mama yule ni mjanja.

Tjitske anasema niongeze kwamba mkate wa sukari utakuwepo. Basi na mimi niongeze kwamba kwangu, Oktoba ijayo, ni biskuti mbili kwa kila jaji.