Sabuni ya Mama Christa

Zéphirin hakuwa fundi. Alikuwa na ovaroli tu, na ovaroli ikiwa na mafuta ya kutosha hakuna mtu Goma anayeuliza diploma. Asubuhi moja alipita mtaa wa Himbi akaona miguu miwili imetokeza chini ya jeep kuukuu ya karburateri iliyokalishwa juu ya mawe ya volkano. Kando ya miguu, simu ilikuwa inaonyesha video ya namna ya kufungua boloni na nati. Mtu anayejifunza! Zéphirin alimshukuru Mungu, ingawa kanisani hakuwa ameonekana tangu abatizwe.

Miguu ilikuwa ya Bahizire, karani. Jeep aliachiwa na marehemu baba yake, naye alikuwa ameapa kuifufua kwa mikono yake mwenyewe. Miezi mitano sasa, kila boloni aliipiga picha kabla ya kuitoa, kama bibi harusi.

"Papa, umetumika kazi muzuri," Zéphirin alisema. "Lakini hii karburateri imekufa."

"Imekufa? Jana moteri ilivuma muzuri!"

"Ndo vile zinakufaka. Zinavuma, zinavuma, kisha matanga."

Karburateri, kifaa cha kulisha moteri petroli, ilikuwa nzima kabisa. Zéphirin alikuwa na mnunuzi huko Kibati, Kamate muuza makaa, aliyetafuta jeep yoyote inayopanda mlima. Kilichobaki ni mwenye jeep kukata tamaa. Basi kesho yake alimuuzia Bahizire karburateri nyingine, yenye ufa wa kupitisha msumari, ufa aliouziba kwa sabuni na kuupaka rangi nyeusi. Hata sabuni hakununua. Aliomba kunawa mikono kwa Bahizire, akaondoka na kipande mfukoni. Mwizi wa jeep, sawa, mtu anaweza kumwelewa. Lakini sabuni?

Jeep ilitembea siku moja. Ya pili, sabuni ililegea, petroli ikamwagika, moteri ikazima. Zéphirin alitikisa kichwa kama padri makaburini.

"Moteri ndo inakataa, papa. Uzisha, usikufe na presha. Nitakupa dola elfu moja, juu ya huruma."

Bahizire aliingia nyumbani na karburateri mkononi, machozi karibu. Mke wake Domitille, Mama Christa kwa wateja wake, ambaye hupika sabuni na kuiuza sokoni, alinusa.

"Papa Christa, hii ni sabuni yangu. Kile kipande chenye kilipotea."

Bahizire akavuta ile karburateri ya kwanza kutoka chini ya kitanda, akaifungua, akaiangalia kipande kwa kipande akifuata picha zake. Haikuwa na ubaya wowote. Wakatazamana. Domitille ndiye aliyecheka wa kwanza.

Kesho yake Bahizire alirudisha karburateri mbovu mahali pake, akavaa uso wa msiba, akakubali kuuza.

"Na ile yenye ilikufa," Zéphirin alisema akipiga mwayo, "tia kwa mufuko. Nitaiuzisha kwa kilo."

Bahizire alileta mfuko mzito uliofungwa kwa waya. Zéphirin alitamani kuufungua, lakini mwenye tamaa hupandishiwa bei, kwa hiyo akautupa nyuma ya kiti kama takataka. Alilipa, akaziba ufa kwa sabuni mpya, akaondoka akipiga filimbi. Karburateri nzima fundi angemfungia Kibati.

Kwenye mlima wa Munigi, njiani kwenda Kibati, sabuni iliachia. Moteri ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Zéphirin hakuogopa. Alivuta mfuko, akakata waya.

Ndani kulikuwa na jiwe la volkano. Lilikuwa limeoshwa vizuri.

Pikipiki ikasimama nyuma yake. Bahizire alishuka, amekumbatia karburateri ya baba yake katika kitambaa.

"Ninanunuaka magari zenye zimekufa," alisema. "Dola mia mbili."

"Nimekulipa elfu moja leo asubuhi!"

"Asubuhi ilikuwa inatembea."

"Papa, uko mwizi!"

"Hapana, ndugu. Niko ninajifunza tu."

Zéphirin alitazama moteri. Hakujua hata spana ipi inafungua nini, na hapo ndipo ovaroli yake ilipofika mwisho. Akapokea mia mbili.

Kwa dakika ishirini, akitazama picha kwenye simu, Bahizire alifunga karburateri yake. Jeep ikanguruma. Kabla ya kugeuza kuelekea mjini, alimnyooshea Zéphirin kipande cha sabuni dirishani.

"Mama Christa amesema unawe mikono. Na hicho kipande, kirudi."