Gavana wa Kuze na Idara ya Utulivu wa Majogoo

Ilitangazwa kwa wananchi wote wa kisiwa cha Mombasa, kwa karatasi zilizobandikwa kutoka Mji wa Kale hadi Liwatoni, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Machi, 1965, hakuna jogoo atakayeruhusiwa kuwa mkali bila kibali. Kazi hiyo adhimu ilikabidhiwa Idara ya Utulivu wa Majogoo. Mkuu wa idara alikuwa Bwana Jamaldin, mtu aliyesoma, mwenye miwani usoni na kalamu mbili mfukoni, ya pili ikiwa ya akiba endapo ya kwanza itazidiwa na kazi.

Wenye midomo yao walisema idara nzima imezaliwa na jeraha moja la muundi. Uzushi mtupu. Ni kweli kwamba wiki mbili kabla, Bwana Jamaldin aliingia uani kwa shangazi yake, Bi Mwanakuu, huko mtaa wa Kuze, bila kupiga hodi, amevaa kaptura ya kaki na soksi ndefu nyeupe alizorithi pamoja na meza ya Mzungu aliyerudi kwao. Ni kweli pia kwamba jogoo wa Bi Mwanakuu alimrukia, akamtia kipi, ule mwiba wa mguuni, cha muundi, akamkimbiza mpaka njiani mbele ya watu waliokuwa wakinywa kahawa. Lakini Jamaldin alitambua pale pale, kabla hata damu haijakauka, kwamba aliyeshambuliwa si yeye bali ni serikali.

Basi Jumatatu ilipofika, alirudi Kuze na karani wake, Ogutu, na safari hii alimtanguliza Ogutu.

Jogoo yule aliitwa Gavana. Jina alipewa zamani, kabla ya uhuru, kwa namna alivyotembea. Hapo ndipo kazi ilipokwama kwa muda, maana Bwana Jamaldin hakuweza kukubali cheo kilichofutwa kiandikwe kwenye fomu ya serikali. Walijadiliana nusu saa, Ogutu amekaa juu ya kinu na fomu nakala tatu mapajani, hata wakaafikiana kuandika "Gavana, mstaafu". Swali la nne liliuliza kama mhusika amewahi kumshambulia mtumishi wa umma akiwa kazini. Ogutu aliutazama muundi wa mkubwa wake, akaandika ndiyo. Kwenye sahihi ya mhusika alichora kijiti chenye vidole vitatu, na kusema kweli kilifanana.

Bi Mwanakuu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyepaza sauti hata akiita mtu aliye mwisho wa mtaa. Alieleza shida yake taratibu. Tetea wake mmoja alikuwa ameangua vifaranga tisa jana yake, na kunguru wa Kuze tangu alfajiri walikuwa wamejipanga juu ya bati wakihesabu. Aliyekuwa akiwazuia ni Gavana peke yake. Akichukuliwa, vifaranga wamekwisha. Tena, alisema, ukali wa jogoo ni jambo dogo. Jogoo hakimbiwi, kwa sababu ukimkimbia ushamfanya bwana. Wamwendea polepole, wamshika, wambana kwapani, wamshusha kichwa, kisha wamzungusha ua mzima mbele ya matetea wake mpaka anyamaze. Akinyamaza, wamweka chini. Kila asubuhi, wiki moja, akujua wewe ni nani.

"Na wewe Jamaldin," alimaliza, "ungalipiga hodi, asingalikugusa. Shangazi yako nimekufunza hodi ukiwa hujaota meno."

"Kazini hakuna shangazi," alisema Jamaldin. "Mwananchi, maoni yako yamepokelewa."

Maoni yalipokelewa kwelikweli. Ogutu aliyaandika yote kwa hati nzuri, na walipofika ofisini yakatiwa kwenye faili la Maoni ya Wananchi, ambalo lilikuwa kikapu chini ya meza.

Gavana akatiwa tengani, akapelekwa Kituo cha Kutuliza Majogoo, ghala la zamani lililopakwa chokaa upya, ua mmoja na ofisi ya idara kule Mbaraki. Na hapa lazima isifiwe akili ya Bwana Jamaldin. Mtu wa kawaida angewatenga majogoo wakali, kila mmoja na tundu lake. Jamaldin aliwaweka wote kumi na wanne waliokusanywa kisiwani chumba kimoja, bila tetea hata mmoja, ili wajifunze upole kutoka kwa wenzao. Ogutu, aliyekulia katikati ya kuku huko kwao Nyanza, aliuliza kwa adabu kama kuna hata mmoja mwenye upole wa kufundisha. Akaambiwa huo ni mtazamo wa kizamani.

Taarifa ya siku ya kwanza ilisema mazungumzo yameanza kwa uchangamfu. Ya siku ya pili ilisema washiriki watatu wamejitoa mikia kwa hiari. Kufikia siku ya tatu Gavana alikuwa amewatwanga wote, na wale kumi na watatu wakawa wanamfuata nyuma popote aendapo chumbani. Jamaldin aliandika kwamba uongozi umepatikana kwa njia ya amani. Ogutu alikuwa na plasta sita.

Bi Mwanakuu alikuja kila siku, kwa miguu, na kila siku alipiga hodi na kungoja aitikiwe. Jumanne alisema vifaranga wamebaki saba. Akaambiwa alete barua. Jumatano alileta barua, vifaranga watano. Akaambiwa barua ni nzuri ila ilitakiwa ipitie kwa mwenye jogoo. Alipojibu kwamba mwenye jogoo ni yeye, aliambiwa basi aipitie kwanza mwenyewe, aijibu, kisha ailete Jumatatu. Mama wa watu alirudi Kuze, akaketi uani na ufagio mkononi akifukuza kunguru mpaka mkono ukafa ganzi. Aliumia, na aliona haya kuumia kwa ajili ya vifaranga.

Ijumaa asubuhi wakaja wageni kutoka makao makuu Nairobi, watu wanne wa suti, wakiongozwa na bibi mmoja mkubwa wa cheo, Bi Nasipwondi. Walitaka kuona kama idara hii inafaa kupanuliwa nchi nzima. Jamaldin alikuwa amefua soksi zake nyeupe zikang'aa. Aliwapanga wageni nje ya dirisha la wavu, makarani nyuma yao, akawaambia watazame. Kisha akafungua mlango wa chumba, bila hodi, akaingia.

Gavana aliziona zile soksi.

Wageni waliandika kwamba Mkuu alipanda juu ya kabati la zamani la mafaili lililoachwa chumbani humo kwa wepesi usiotarajiwa kwa mtu wa daraja lake. Majogoo kumi na wanne walilizunguka kabati, Gavana mbele. Ogutu alisema angependa kuingia kusaidia ila hana fomu inayomruhusu.

Wakati huo huo ikasikika sauti tulivu mlangoni.

"Hodi."

Alikuwa Bi Mwanakuu, na kikapu mkononi, ndani vifaranga wanne. Hakuthubutu tena kuwaacha nyumbani. Hakuna aliyemjibu.

"Hodi," akasema tena, akasimama pale pale.

"Ingia, shangazi!"

"Kwenu hamwitikii hodi, baba?"

Kabati liliyumba. Gavana alikuwa amefika nusu yake.

"Karibu," alisema Jamaldin, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Karibu, shangazi yangu."

Bi Mwanakuu akampa Ogutu kikapu, akaingia. Hakuharakisha. Alimwendea Gavana, akamshika, akambana kwapa la kushoto, akamshusha kichwa. Wale wengine walipoona mkubwa wao amebanwa, wakaanza kudonoa sakafu kama watu wenye shughuli zao.

Jamaldin akashuka, akajipangusa manyoya, akavimbisha kifua, akawageukia wageni. Alianza kueleza kwamba walichokiona ni zoezi lililopangwa na idara kwa muda mrefu, na kwamba...

Bi Mwanakuu akamtia kwapa la kulia.

Alikuwa mwembamba, Bwana Jamaldin, na shangazi yake alikuwa ametwanga mpunga miaka arobaini. Akamshusha kichwa. Akawatoa wote wawili nje, jogoo huku, mkuu wa idara kule, akawazungusha ua mzima wa ofisi, polepole, mbele ya makarani wote na wageni wa Nairobi. Mzunguko wa kwanza mkuu alitaja vifungu vya sheria. Wa pili alitaja jina la marehemu mama yake. Wa tatu alinyamaza, naye shangazi akamweka chini.

Bi Nasipwondi aliuliza ni dawa gani hiyo. Ogutu akaleta kikapu cha Maoni ya Wananchi, akamsomea yote, nakala tatu. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Aliagiza majogoo warudishwe kwa wenyewe siku ile ile, kisha akaandika kwa mkono wake kwamba utaratibu wa Bi Mwanakuu utumike kikamilifu, kila asubuhi, wiki moja, kuanzia ngazi ya juu.

Gavana alirudi Kuze, na vifaranga wote wanne wakakua. Bi Mwanakuu akawa anakuja Mbaraki kila asubuhi, saa mbili kamili. Alipiga hodi, akangoja, na Ogutu akaitikia karibu kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kazini. Kufikia siku ya tano Bwana Jamaldin alikuwa akiisikia hodi tu, anavua miwani, anaziweka kalamu zote mbili mezani, na kusogea mwenyewe kwapani.